Zamu ya Mzee Mchopa

Programu ilianza kazi siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano watumishi wa ofisi ya Nachingwea walikuwa wameizoea kama anavyozoewa mfanyakazi mgeni asiyeomba ruhusa na asiyekula mchana. Meneja Dickson alikuwa ameileta kutoka kwenye semina ya Mtwara, ambako wafanyabiashara walifundishwa namna ya kutumia akili mnemba katika kazi za kila siku. Iliandika barua za wanunuzi wa korosho. Ilipokea simu za wakulima na kuwaeleza kwa upole ni lini lori lingefika vijijini kwao. Ilipanga zamu za wanawake waliobangua korosho kiwandani, na iliagiza mafuta ya magari kabla hayajaisha. Ofisini waliiita Msaidizi, kwa kuwa hilo ndilo jina lililoandikwa juu ya skrini.

Scholastika alikuwa karani wa utumishi katika kampuni hiyo. Alhamisi asubuhi, alipokuwa akihamishia taarifa za watumishi kwenye kompyuta, Msaidizi alimwuliza swali.

"Katika ghala la Ruangwa kuna wasimamizi wawili wanaoitwa Mchopa," aliandika Msaidizi. "Cheo ni kimoja na kituo ni kimoja. Je, hawa ni mtu mmoja?"

Kwa mtumishi aliyeletwa na uhamisho kutoka mkoa mwingine, jibu lingekuwa jepesi. Mchopa wa kwanza alikuwa mzee aliyelisimamia ghala lile tangu lilipojengwa, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, msimu ukielekea ukingoni. Mchopa wa pili alikuwa Jonasi, mtoto wa dada yake, na Jonasi ndiye aliyekuwa mume wa Scholastika. Lakini Scholastika alizaliwa Narung'ombe, kijiji cha akina Mchopa. Alikuwapo siku ya kumaliza matanga, wakati ukoo ulipomkalisha Jonasi kwenye mkeka, ukampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, ukamvika koti la marehemu na kumwita kwa jina lake. Tangu siku hiyo watoto wa marehemu walimwita Jonasi baba, hata wale waliomzidi umri, na wazee walipomwona njiani walisema Mchopa anapita. Kwa watu wa kwao, kuandika kwamba Mchopa ni wawili kungekuwa sawa na kusema kwamba urithi ule haukufanyika.

Aliandika, "Ndiyo, ni mmoja," kisha akaenda kunywa chai.

Kesho yake Jonasi alikuwa jikoni akinywa uji, huku akiisubiri pikapu ya kampuni impeleke kazini Ruangwa. Ilipotimia saa moja aliweka kikombe chini, akakohoa kikohozi kirefu kilichoanzia mbali, na nywele zake zikawa nyeupe. Mabega yakashuka. Mguu wa kushoto, ambao mjomba wake aliuvunja ujanani kwa kuanguka kutoka juu ya mkorosho, ukajinyoosha mbele kama ulivyozoea. Mzee Mchopa akakitazama kigoda alichokalia, akamtazama Scholastika aliyekuwa amekaa karibu naye, kisha akainuka kwa haraka ya adabu, kwa kuwa haikuwa desturi mzee kula akitazamana na mke wa mpwa wake.

"Shikamoo, mjomba," alisema Scholastika.

"Marahaba, mkwe. Huo uji niletee barazani."

Scholastika alimpelekea, akapiga goti, akaweka kikombe kwenye stuli. Mzee alionja.

"Sukari nyingi hii. Ndivyo anavyokunywa Jonasi?"

"Ndiyo, mjomba. Yeye yuko wapi?"

"Yupo nyuma yangu. Atakuja mchana."

Pikapu ilifika. Dereva alimwamkia mzee, akamfungulia mlango wa mbele kwa sababu ya umri wake, na safari ikaendelea kama kawaida.

Saa sita mchana, katika ghala la Ruangwa, nywele zile zilirudi kuwa nyeusi. Jonasi akajikuta ameshika penseli, akawauliza makuli wamefikia wapi, wakamwambia, naye akaendelea kutoka hapo. Jioni alirudi nyumbani akilalamika kwamba mguu unamuuma, ingawa haukuwa wake.

Ofisini, Msaidizi alieleza mpango huo alipoulizwa. Mchopa alikuwa mtu mmoja mwenye uzoefu wa aina mbili. Asubuhi, malori ya vijijini yanapoingia, ghala lilihitaji mtu anayezijua korosho kwa kuzishika tu. Mchana, mzigo unapotoka, lilihitaji mtu mwenye mgongo imara. Kwa hiyo kila uzoefu ulipangiwa saa zake. Meneja Dickson alisoma maelezo hayo mara mbili, akasema kwamba hiyo ndiyo faida ya teknolojia, kisha akarudi kwenye simu yake.

Shakila, mhasibu, ambaye meza yake ilitazamana na ya Scholastika, alilichukulia jambo hilo kwa namna yake.

"Shoga, Nachingwea nzima ni wewe peke yako unayempigia mumeo goti kabla ya chai."

"Si mume wangu saa hizo."

"Ndiyo bahati yako. Wa kwangu saa hizo ni mume wangu, na ndivyo alivyo hadi usiku."

Scholastika alicheka kidogo. Kwa siku za mwanzo aliona kwamba jambo lenyewe linavumilika. Asubuhi aliamka mapema, akamwamsha Jonasi ili atoke chumbani kabla ya saa yake kwisha, kusudi mzee asijikute mahali asipopaswa kuwa. Jioni alikuwa na mumewe. Walikula mizizi ya ming'oko iliyochemshwa, walizungumza, na Jonasi alimsimulia jinsi mambo yanavyoonekana akiwa nyuma ya mjomba wake.

"Naona kila kitu," alisema, "ila kwa mbali, kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa cha basi. Namsikia mzee anavyohema. Anapita chini ya lile rundo la magunia la boriti ya tatu kila siku, na kila akipita anasimama."

"Anasimama kufanya nini?"

"Analitazama. Hasemi kitu."

Mzee Mchopa alisema katika wiki ya pili. Siku hiyo mjane wake, Bibi Koleta, alikuwa ametoka Narung'ombe kwenda kumwona ghalani saa za asubuhi, kwa kuwa habari zilikuwa zimemfikia. Scholastika naye alikuwa Ruangwa kupeleka sare za makuli. Bibi Koleta alimkuta mumewe kwenye mizani, wakasalimiana, naye akamwuliza ufunguo wa kasha aliuweka wapi. Mzee alimwambia uko kwenye mwanya wa ukuta, nyuma ya picha ya harusi. Bibi Koleta alishukuru. Kasha hilo alikuwa ameshalivunja kwa shoka, lakini alitaka kujua.

"Na jambo jingine," alisema Bibi Koleta. "Siku ile walikuleta ndani ya pikapu wakasema umezidiwa na presha ukiwa njiani, ukakata roho mlangoni kwangu. Wakakulaza kitandani. Mimi nilikufuta vumbi la korosho masikioni. Presha haitii mtu vumbi masikioni."

"Sikufia mlangoni kwako," alisema Mzee Mchopa. Alielekeza kidevu upande wa boriti ya tatu. "Nilifia pale. Magunia yalikuwa yamepita boriti, na chaga za chini zimeoza. Nilimwambia Dickson. Akaniambia lori liko getini."

Bibi Koleta alipatazama mahali hapo kwa muda. Magunia yalikuwa yamepangwa tena, safu juu ya safu, juu ya chaga zile zile za mbao, na safu ya juu kabisa ilikuwa imeivuka boriti.

"Nilijua," alisema, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani.

Scholastika alirudi Nachingwea kwa gari la kwanza alilolipata. Barua ya rambirambi ya kampuni, iliyosema kwamba mzee alifariki nyumbani kwake akiwa amezungukwa na familia yake, aliichapa yeye. Lakini hilo halikuwa ndilo lililomharakisha. Alikuwa akifikiri juu ya saa za mchana, ambazo mahali pale pale husimama mtu ambaye bado hajafa.

Alifungua kompyuta, akamtaka Msaidizi aonyeshe mpango wa ghala. Korosho za msimu huo zilikuwa nyingi, na kukodi ghala la pili kulikuwa gharama. Msaidizi alikuwa amesoma jinsi kampuni ilivyopanga magunia miaka yote iliyopita, akajifunza kwamba kuivuka boriti ndio utaratibu, na akaufuata kwa uaminifu. Chini ya mpango huo alikuwa ameandika tahadhari: "Uwezekano wa rundo kuanguka ni mkubwa. Inapendekezwa kazi za chini ya rundo zifanywe na mtumishi ambaye kuangukiwa hakumwongezei madhara." Mbele ya maneno hayo palikuwa na jina la Mchopa na neno asubuhi, na chini yake idhini ya meneja.

Siku hiyo hiyo Scholastika aliomba watu wale wawili watenganishwe.

"Inawezekana," alijibu Msaidizi. "Ni yupi kati yao amefariki?"

"Mzee."

"Alifariki mahali gani?"

Scholastika aliandika, kama ilivyokuwa kwenye barua, "Nyumbani."

"Kumbukumbu za geti zinaonyesha kwamba siku hiyo aliingia ghalani asubuhi na hakutoka kwa miguu yake. Tafadhali sahihisha."

Alifuta, akaandika, "Ghalani, Ruangwa, chini ya boriti ya tatu." Msaidizi alishukuru kwa taarifa kamili na kumjulisha kwamba ombi lake linasubiri idhini ya meneja.

Lilisubiri wiki nzima. Kila asubuhi Scholastika alilitazama, na kila asubuhi lilikuwa pale pale. Mwishowe Dickson alimwita ofisini kwake na kumwonyesha kiti.

"Dada Scholastika, ombi lako nimeliona. Sijalikataa."

"Wala hujalikubali, bosi."

"Nikilikubali, mzee atakuwa amefia wapi?"

"Alipofia."

"Barua inasema nyumbani. Uliichapa wewe."

"Nilichapa ulichonisomea."

Dickson aliiweka sawa kalamu iliyokuwa mezani. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Watakuja wachunguzi wa serikali," alisema. "Ghala litafungwa katikati ya msimu. Kiwanda kitakosa korosho. Wale akina mama wanaobangua watarudi nyumbani mikono mitupu, na wengi wao ni ndugu zako. Utakwenda kuwaambia nini?"

"Nitawaambia magunia yalizidi boriti. Bosi, yashusheni basi, hata kama hamwatenganishi."

"Yashuke yaende wapi? Nje kuna mvua." Alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa kali, kisha akasahihisha. "Itanyesha. Mzee mwenyewe halalamiki."

"Alishalalamika."

Dickson alivuta kompyuta yake karibu, na Scholastika akaona vitufe viwili kwenye skrini, kimoja kimeandikwa Idhinisha na kingine Baadaye.

"Mumeo anapata mshahara kamili kwa kazi ya nusu siku," alisema Dickson. "Wengine wangekuja hapa kushukuru." Akabonyeza Baadaye.

Tangu hapo Scholastika aliishi kwa kuangalia saa. Asubuhi alifanya kazi vizuri, kwa sababu aliyekuwa chini ya rundo alikuwa mzee. Ilipotimia saa sita alianza kukosea herufi, hadi jioni pikapu ilipopiga honi nje ya nyumba na Jonasi akashuka. Jonasi alimwambia kwamba yeye hukaa mbali na boriti ya tatu kadiri kazi inavyoruhusu, na kwamba mjomba wake humaliza kila kitu cha upande ule kabla ya mchana, wakati mwingine akikimbia na mguu wake mbovu. Alimwambia pia kwamba chaga moja ya chini ilikuwa imeanza kulia.

"Inalia vipi?"

"Kama mlango usiotiwa mafuta. Mzee akiisikia anapunguza mwendo. Mimi nikiisikia natoka nje."

"Acha kazi, Mchopa."

Jonasi alifikiri. "Nikiacha kazi," alisema, "Msaidizi atamwachisha Mchopa. Hapo sijui ni nani kati yetu atakayerudi nyumbani."

Scholastika naye hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza isipokuwa Msaidizi, ambaye aliwahi kumwuliza swali moja, na yeye akalijibu kwa haraka mno.

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, Dickson aliondoka kwenda Mtwara. Semina ile ilikuwa imemwalika tena, safari hii awe miongoni mwa wasemaji. Asubuhi hiyo mnunuzi alituma lori Ruangwa bila taarifa, akataka korosho za mwanzo wa msimu, ambazo zilikuwa chini kabisa ya rundo la boriti ya tatu. Msaidizi alipanga kazi mara moja. Makuli wakae nje. Mchopa ayatoe magunia ya chini kwa mkono, moja moja, hadi kazi iishe.

Scholastika alisoma maneno ya mwisho, akatazama saa ya ukutani. Lori lilikuwa limechelewa kuingia. Kazi isingeisha kabla ya mchana. Alipiga simu ghalani, ikaita bila kupokelewa. Alimwomba Msaidizi asimamishe kazi hiyo, naye akamjibu kwamba mabadiliko hayo yanahitaji idhini ya meneja. Alimpigia Dickson, ambaye alikuwa jukwaani na simu ameizima.

"Nenda," alisema Shakila, asitanie. "Nitakushikia meza."

Pale sokoni alipata bodaboda. Kijana wa pikipiki alimtazama sketi na viatu vyake.

"Ruangwa kwa pikipiki, mama? Vumbi lote hilo? Subiri gari."

"Mume wangu anaingia zamu saa sita."

"Kumbe amechelewa."

"Nataka achelewe."

Kijana hakuelewa, lakini alielewa mwendo uliotakiwa. Walipita mikorosho, walipita vibanda vya mbaazi na mihogo iliyoanikwa juu ya miamba, na kila walipokuta lori mbele yao Scholastika alifumba macho ili asiione saa ya simu yake. Walipofika getini, saa sita ilikuwa imekaribia kiasi cha mtu kumenya muhogo.

Lori lilikuwa limewashwa, likinguruma. Makuli walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta kama walivyoagizwa, wakila mihogo ya kuchoma. Ndani, chini ya boriti ya tatu, Mzee Mchopa alikuwa amepiga magoti akivuta gunia la chini kwa pembe zake, na juu yake safu zote zilikuwa zimeinama kidogo kuelekea mlangoni, kama watu wanaotaka kusikia jambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mkwe, simama hapo hapo mlangoni."

"Toka nje, mjomba. Saa sita hiyo inafika."

"Nikitoka, nani ataingia?" Alielekeza kidevu nje, kwenye kivuli cha makuli. "Mnunuzi anapiga honi. Wakiona mimi nimetoka watawaambia wale waingie. Wale hawajafa hata mara moja."

"Na Jonasi?"

"Nimemwambia asubiri."

"Saa ikifika hasubiri. Msaidizi amepanga."

"Mpangaji wako ana mwezi mmoja kazini," alisema mzee. Alivuta, na gunia likatoka. Aliliegemeza kando, akarudi, akashika jingine. "Mimi zamu za ghala hili nimezipanga kabla hamjaoana."

Chaga ya chini ililia. Haikulia kwa nguvu. Mzee alisimamisha mikono, akageuza uso kumtazama Scholastika, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alimtazama machoni moja kwa moja, jambo ambalo mtu na mke wa mpwa wake hawalifanyi.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu," alisema.

Rundo lilishuka lote kwa pamoja. Vumbi la korosho lilijaa ghalani hadi boriti zisionekane, kisha likaanza kutua taratibu. Makuli walisimama mlangoni, mihogo ikiwa mikononi. Nje dereva alizima injini.

"Mkwe," ilisema sauti kutoka chini ya magunia.

"Abee, mjomba."

"Ni saa ngapi?"

Scholastika alifuta vumbi kwenye simu. "Saa sita imetimia sasa hivi."

Sauti ilinyamaza. Walisubiri. Mtu aliyesimama karibu angeweza kusikia kitu kama watu wawili wakisukumana kimya kimya kwenye mlango mwembamba.

"Basi waambie makuli watoe polepole, wasije wakaumizana," ilisema sauti hatimaye, na ilikuwa bado ya mzee. "Huyu kijana ananisukuma mgongoni. Mimi simpishi."

Makuli walifanya kazi hadi alasiri. Kwa kuwa kila gunia walilolinyanyua ilibidi litoke nje, na nje palikuwa na lori, waliyapakia moja kwa moja, na mzigo wa mnunuzi ukakamilika. Gunia la mwisho lilipoondolewa Mzee Mchopa alijiinua kwa mkono wa kulia. Nywele zake zilikuwa nyeupe, ingawa mchana ulikuwa umeshakwenda sana. Kuanzia mabegani hadi kiunoni alikuwa bapa, kama gunia lililomiminwa. Alijikung'uta vumbi.

Scholastika alivua kanga yake ya begani ili amfunge kifua, akakumbuka heshima, akampa ajifunge mwenyewe.

"Hatarudi?" aliuliza.

"Yupo. Ametulia sasa. Amekaa kama watu wanavyokaa benki kusubiri dirisha lifunguliwe." Mzee alikaza fundo la kanga. "Lakini nikimpisha, kifua atakachokikuta ni hiki. Mimi naweza kukibeba kwa sababu sihitaji kupumua. Napumua kwa mazoea tu. Yeye atapata pumzi moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakaa."

Msaidizi aliandika taarifa kabla ya jioni. Rundo la boriti ya tatu lilikuwa limeanguka. Madhara mapya kwa watumishi: hakuna. Mzigo ulipakiwa ndani ya muda. Taarifa hiyo ilimfikia Dickson Mtwara siku ya pili ya semina, naye akaitumia kama mfano. Aliwaeleza wafanyabiashara wenzake kwamba kwa kupanga kazi kwa akili mnemba kampuni yake imefanya kazi msimu mzima bila ajali, na wengi waliandika maneno hayo kwenye simu zao. Wiki iliyofuata chaga zilizovunjika zilipigwa misumari, na magunia yakapangwa upya. Safu ya juu iliivuka boriti.

Haikuwa sahihi mzee kuendelea kulala nyumbani kwa mkwe wake bila mpwa wake kuwapo, kwa hiyo alihamia kwake Narung'ombe. Bibi Koleta alimwondolea mahindi yaliyokuwa yamehifadhiwa upande wake wa kitanda. Pikapu ya kampuni ilibadilisha njia ili imchukue huko. Scholastika alibaki Nachingwea. Kila Jumatatu, alipofungua kompyuta, Msaidizi alimkumbusha kwamba ana ombi moja linalosubiri, akamwuliza kama angependa kulifuta, naye kila Jumatatu alijibu hapana. Shakila alikuwa akimletea chapati na kuziweka mezani pake bila mzaha wowote.

Jumapili, baada ya misa, Scholastika alikwenda Narung'ombe. Alimwamkia mzee aliyekuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, akamsaidia Bibi Koleta kuchambua kisamvu, kisha, mchana ulipokaribia, akaleta kigoda na kukiweka kando ya kiti, upande wa kulia. Mzee aliweka mkono wake wa kulia juu ya egemeo la kiti. Mkono huo haukuwa umeguswa na magunia. Alikuwa ameligundua jambo hilo mwenyewe, akalieleza kwa maneno machache, akiangalia pembeni.

Saa sita ilipotimia makunyanzi ya mkono yalijinyoosha. Ngozi ikawa nyeusi ya kung'aa, na kwenye kidole gumba likatokea lile doa la mafuta ya maganda ya korosho ambalo Jonasi alilipata mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na pete ikarudi mahali pake. Scholastika aliushika. Mkono nao ukamshika.

Mzee Mchopa aligeuza uso kuelekea barabarani, mbali kadiri shingo ilivyoruhusu, akaanza kuzungumza kwa sauti juu ya malori, kwamba ya mwaka huu yanapakia vibaya, yanalemea nyuma, ili mambo ya mtu na mkewe yasije yakamfikia masikioni. Ndani ya mkoba wa Scholastika simu ilitetemeka. Ilikuwa ratiba ya kesho. Hakuitoa, mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Mzee alizungumza hadi malori yakamwishia, akahamia kwenye bei ya magunia matupu. Kisha alikohoa, kwa kuomba radhi, na Scholastika akauachia mkono.

"Kesho wamenipanga wapi, mkwe?"

Scholastika alifuta macho kwa ncha ya kanga, akatoa simu, akasoma. "Boriti ya tatu, mjomba. Asubuhi na mchana."

"Haya," alisema mzee, akauvuta mkono wake uliojaa makunyanzi na kuuweka mapajani. "Kamwambie bibi yako chakula kiive mapema. Nataka kulala."